Jina la Kuitwa Kaburini

Hapo zamani, siku ya Alhamisi, mwezi kumi na tisa Rajabu, saa nane na nusu za mchana, neno moja lilikataa kutoka kinywani mwa mwanamke, na kabla ya adhana ya alasiri aliyeliomba neno hilo alikuwa amekwisha kufa.

Mwanamke huyo aliitwa Mwatumu. Aliyekufa aliitwa Kigae. Na neno lenyewe ni dogo. Kila mama analo, hulitumia asubuhi na jioni bila kulifikiria. Sikilizeni taratibu, maana hadithi hii haisimuliki mbio, na mwishoni nitawauliza.

Mwatumu aliishi katika mji wa wafinyanzi. Wanawake wa mji huo walichimba udongo bondeni, wakaufinyanga, wakavichoma vyungu nyuma ya nyumba zao, na vilivyopasuka motoni wakavitupa jaani. Jaa la mji huo lilikuwa kilima cha vigae. Mtu hakupita pale peku.

Mumewe alikuwa mtu mwema, naye alikufa mapema. Lakini kabla hajafa walikuwa wamezika watoto. Wa kwanza walimwita Furaha, akafa. Wa pili walimwita Neema, akafa hata jino hajaota. Wa tatu walimwita Amani, akafa jina lenyewe bado halijazoeleka midomoni. Tangu hapo maneno hayo yaliharibika masikioni mwa Mwatumu. Khatibu akisema juu ya mimbari kwamba Mungu ametujaalia neema ya mvua, watu waliitikia amin, na Mwatumu kule nyuma ya pazia alisikia kikohozi cha mtoto. Majirani wakimwombea amani, aliona jembe na mchanga. Hakumlaumu mtu. Maneno ni yale yale, aliyekuwa amebadilika ni yeye.

Kisha akapata mimba ya nne, na mumewe akafa mimba ikiwa changa, na mtoto akazaliwa wa kike.

Mji huo ulikuwa na desturi. Mwanamke aliyefiwa na watoto mfululizo, akijaaliwa mwingine, hakumpa jina la kupendeza. Alimbeba asubuhi akampeleka jaani, akamlaza juu ya kigae kipana, akasema kwa sauti ya kusikika, "Nimechoka na kitu hiki. Anayekitaka akiokote." Kisha alikwenda zake bila kuangalia nyuma, hata mtoto alie vipi. Jirani aliyeambiwa mapema alipita pale kama mtu anayepita tu, akashtuka, akainama, akasema, "Nani katupa? Mimi naokota. Ni changu." Akamchukua kwake, na jioni akamrudisha kwa mama yake, akasema, "Nilelee mtoto wangu, mimi sina maziwa."

Tangu siku hiyo aliyezaa alikuwa mlezi tu. Asimwite yule mtoto "mwanangu." Na mtoto asimwite "mama." Mpaka lini? Mpaka mtoto huyo naye akue, aolewe, azae, na mtoto wake atimize arubaini atolewe nje. Siku hiyo ndipo mama angelichukua neno lake.

Walimu wa chuo cha Kurani walisema desturi hiyo haina asili katika dini. Walisema mauti hayadanganyiki, na ajali ya mtu, siku yake ya kufa, haitangulii wala haichelewi. Mwatumu alikuwa mcha Mungu, na hayo yote aliyaamini. Alisali, akafunga, akayaamini, kisha akambeba mtoto akampeleka jaani. Mtu aliyezika watatu haachi mlango hata mmoja bila kuubisha.

Jirani aliyemwokota alikuwa shoga yake, Mwanakombo, ambaye watu walimwita Bi Kombo. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Pandu, mnene na mcheshi. Bi Kombo aliinama pale jaani, akamwinua mtoto pamoja na kigae chake, akasema, "Nimeokota kigae." Basi jina likawa hilo.

Kigae ni kipande cha chungu kilichovunjika. Hiyo ndiyo maana yake. Hakipiki, hakiweki maji, hakiuziki. Waulizeni watu wote watawaambia hivyo. Lakini Mwatumu, kwa kuwa alikatazwa neno lile jingine, kila alichokuwa nacho alikitia ndani ya hili. Alimwamsha kwa kusema Kigae. Alimbembeleza kwa kusema Kigae. Mtoto alipoanza kutembea, akaanguka, akainuka, mama yule alisema Kigae, na waliopita waliosikia ile sauti waligeuza nyuso zao upande wa pili, kwa sababu ilikuwa kama wamechungulia chumbani mwa mtu. Mji mzima ulijua. Mji mzima ulinyamaza.

Na kile kigae cha jaani Mwatumu alikihifadhi. Alikifukizia ubani kila usiku wa kuamkia Ijumaa.

Lakini mtoto alilisikia jina kwa masikio yake mwenyewe. Chuoni wenzake walimzunguka wakiimba, "Kigae, Kigae, chungu chako ki wapi?" Naye, maana ulimi wake ulikuwa mwepesi, aliwajibu kwamba chungu chake kiliivisha wali, wakaula wao wote, wakashiba, wakasahau kukiosha. Walicheka, wakamwacha. Ila akirudi nyumbani aliketi barazani kwa Bi Kombo, wala haingii kwa Mwatumu. Siku moja alimwuliza Bi Kombo kwa nini yule Bi Mwatumu anamwita uchafu huku macho yamemjaa machozi. Bi Kombo alimwambia atamwambia akikua.

Mwaka aliofikisha miaka minane ulikuja ugonjwa wa surua. Ulipita nyumba kwa nyumba. Uliingia kwa Mwatumu, Kigae akaungua homa, akapona. Uliingia kwa Bi Kombo, Pandu akaungua homa, akafa. Kwenye matanga watu walinong'ona kwamba mauti yalikuwa yanamtafuta Kigae, yakaulizia mama yake nani, yakaambiwa ni Bi Kombo, yakaenda nyumbani kwa Bi Kombo yakamchukua yaliyemkuta. Maneno hayo hayamfai Mwislamu, na aliyeyasema wa kwanza hakujulikana. Lakini Bi Kombo aliyasikia. Mwatumu aliyasikia. Wakatazamana juu ya sinia la wali wa matanga, na hawakuyataja, wala siku ile wala baadaye.

Kabla ya hapo, Bi Kombo alimwita Kigae "mwanangu" kama mtu mzima anavyomwita mtoto yeyote wa mtaani, njoo mwanangu, nikutume mwanangu. Baada ya Pandu, neno lile lile lilitoka lina uzito mwingine. Mwatumu alilisikia likivuka ua kila asubuhi. Alijua kwamba ni haki ya shoga yake, na alijua limelipiwa kwa gharama gani. Hata hivyo lilimchoma.

Kigae akakua. Akaja mwanamume kumposa, Vuai, mchimba visima wa kijiji cha pili, kijana mpole asiyependa maneno mengi. Mchana wa nikahi walipotajiwa jina la bibi harusi, wageni wa bwana harusi waliinamisha vichwa, na mmoja akakohoa ili asicheke. Vuai akasema kwa utulivu kwamba kuanzia siku ile mkewe ataitwa Hidaya. Habari ilipoletwa ndani, bibi harusi alilia mpaka hina ikamharibika viganjani, na hakikuwa kilio cha huzuni. Alilirudia jina lake jipya polepole, akawataka shoga zake wamwite, akaitika, wakamwita tena, akaitika tena. Mwatumu alikuwa mlangoni ameshika kile kigae cha ubani. Hakuna aliyemwuliza yeye angemwitaje.

Akakaa na mumewe vizuri. Vuai hakumpigia kelele hata siku moja, na hakulitamka lile jina la zamani. Hidaya alitembea kichwa juu. Alipopata mimba alirudi kwao kujifungua, kama ilivyo ada, na kwa kuwa nyumba ya Bi Kombo, mama yake mbele ya watu, ilikuwa inavuja, alilazwa kwa Mwatumu.

Katika miezi ile ya kungoja, mama na mwana walipata kuzungumza. Bi Kombo alikuwa amekwisha kumweleza habari za jaani. Kigae hakuonyesha hasira. Alimwambia tu Mwatumu, huku wakipepeta mchele, kwamba Hidaya ni jina zuri, analipenda, ila kila akiota huko ndotoni huitwa Kigae. Mwatumu akauliza, huko ndotoni anaitika? Akasema anaitika. Mwatumu hakulala vizuri usiku ule kwa furaha. Akaanza kuhesabu. Azae, apumzike, arubaini ifike, mtoto atolewe nje kuonyeshwa jua, na siku hiyo yeye atafungua mdomo mbele ya watu wote aseme neno lake. Akawa analifanyia mazoezi kisimani, peke yake, kwa sauti ya chini, akiangalia nyuma kwanza.

Kigae alijifungua salama, mtoto wa kike. Siku ya nne homa ikampanda. Mkunga akafanya aliyoyajua, akaleta dawa, akaleta na mwenzake, kisha wote wawili wakawa wanasema taratibu na kukwepa macho ya watu.

Alhamisi ile, saa nane na nusu, Bi Kombo alikuwa nje anachemsha maji. Mwatumu alikuwa amekaa kitandani anampepea mgonjwa. Mgonjwa akafumbua macho akasema, "Mama."

Mwatumu akageuka kuangalia mlangoni. Alidhani anaitwa Bi Kombo.

"Nakuita wewe," Kigae akasema. "Niite mwanangu. Mara moja tu, nisikie linavyotoka kinywani mwako."

Ndugu zangu, neno lilikuwa pale. Lilikuwa juu ya ulimi. Lakini Mwatumu alifikiri mambo mawili kwa wakati mmoja. Alifikiri, nikilisema sasa, mauti yaliyosimama nje ya mlango huu yatajua huyu ni wa nani. Akafikiri tena, nikilizuia, labda yatapita, kama yalivyopita mwaka wa surua. Yeye aliyeamini kwamba mauti hayadanganyiki alitaka kuyadanganya mara moja zaidi.

Akasema, "Bado, Kigae. Arubaini ikifika nitakuita mpaka uchoke kuitika."

Kigae aligeukia ukutani.

Vuai aliitwa mbio. Akapiga magoti, akamwita mkewe, Hidaya, Hidaya. Hakugeuka. Mwatumu akamwita, Kigae. Hapo akageuka, machozi yanamtiririka, akawatazama wote, na ile ndiyo pumzi yake ya mwisho. Innalillahi wainna ilaihi rajiun.

Walimwosha, wakamkafini. Ubani uliwaka juu ya kile kigae kipana, pembeni ya kitanda. Jeneza likaletwa mlangoni, wanaume wakajipanga. Ndipo Maalim Faki, aliyekuja kumsalia, akasimama kizingitini akauliza lililompasa kuuliza. Maiti akishafukiwa husomewa talakini. Huitwa kwa jina lake na jina la mama yake, akumbushwe majibu ya kuwajibu malaika watakapomjia gizani. Maalim alitaka majina hayo mawili. Wanawake wa mji ule hawaendi makaburini, kwa hiyo kama walikuwa na la kusema, pa kulisemea palikuwa pale pale.

Kisha wakasema watatu.

Vuai alikuwa wa kwanza. Alisema kwa sauti ya chini, macho yake kwenye jeneza.

"Aitwe Hidaya. Ninyi mama zangu mlimpa majina ya kumfichia. Mimi nilimpa jina la kumwita mtu. Akiitwa lile la kwanza alikuwa anainamisha kichwa, akiitwa langu alikuwa anakiinua. Wahenga wamesema jina jema hung'ara gizani, na huko aendako ni gizani. Nani anataka ainamishe kichwa mbele ya malaika?"

Mwatumu akamwambia, "Baba, umemwita Hidaya mchana huu hakugeuka. Nimemwita Kigae kageuka."

"Kageuka, mama," Vuai akasema, "lakini kageuka analia."

Mwatumu akainama kupuliza mkaa wa ubani.

Bi Kombo akasema baada yake. Alikuwa amempakata kile kichanga cha marehemu, amekifunika kwa upande wa kanga.

"Jina mwiteni mnalotaka. Mimi nasema juu ya mama. Nilisimama jaani mchana kweupe nikasema ni wangu, na watu wakasikia. Shoga yangu alisema hamtaki, na watu wakasikia. Sikusema kwa mchezo. Mnajua niliyemzika mwaka ule, na mnajua mlivyosema. Tangu hapo nani mwingine nimemwita mwanangu? Kama leo mtasema hakuwa wangu, basi Pandu alikufa kwa ajili ya nini? Na huyu hapa niliyempakata, hata arubaini yake bado. Mwatumu, ukimdai yule leo mauti yakasikia, huoni nani wa damu yako amebaki?"

Maalim akasema, kwa upole, kwamba hayo ya mwisho ni dhana, na kwamba kila nafsi ina siku yake. Bi Kombo akaitikia kwamba ndivyo, Maalim, ndivyo. Lakini alikivuta kile kichanga karibu zaidi.

Wakamgeukia Mwatumu. Naye alikuwa anatazama ubani.

Akasema kwamba yeye hana jina zuri la kutoa. Kila jina zuri alilolitoa alilizika. Alikuwa na neno moja baya, akalisugua kwa miaka yote ile mpaka likawa laini, na yule mtoto alikuwa analijua, analijua hata usingizini. Akasema huko kaburini kuna kiza na sauti ngeni, na mtu katika kiza huitika sauti aliyoizoea. Kwa hiyo aitwe Kigae. Kisha akaishia hapo, maana la pili, la nani mama, lilikuwa zito zaidi, na yeye mwenyewe ndiye aliyemlaza jaani akaondoka bila kuangalia nyuma.

Kivuli cha jeneza kilikuwa kimerefuka kizingitini. Maalim Faki alitazama jua, akasema hawezi kumcheleweshea maiti haki yake. Akasema kwamba ipo njia. Maiti asiyejulikana mama yake huitwa mwana wa Hawa, kwa kuwa sote ni wana wa Hawa. Wasipoafikiana, atamwita hivyo.

Hapo Mwatumu aliinuka. Alishika kizingiti kwa mkono mmoja. Aliliangalia jeneza, lililokwisha kufunikwa, akasema lile neno ambalo hakuwahi kulisema mbele ya mtu.

"Ni mwanangu."

Alilisema kwa Maalim, kwa wanaume waliojipanga, kwa mlango. Aliyeliomba hakulisikia. Wanawake waliokuwa chumbani walijifunika nyuso. Bi Kombo hakupiga kelele wala hakubisha. Aliondoka na kile kichanga, akapita mlango wa uani haraka haraka, kama mtu anayetoa kitu ndani ya nyumba inayoungua. Vuai aliinua upande wa mbele wa jeneza.

Wakaenda. Tahalili ya waliobeba jeneza ikasikika, ikafifia. Mwatumu alibaki kizingitini, na ule ubani ukaisha juu ya kigae, ukabaki mkaa mweusi na harufu. Maalim alimwita maiti kwa jina gani, na binti wa nani, nyumbani hawakulisikia, na waliolisikia walirudi kimya.

Sasa niambieni ninyi. Yuko aliyempa jina la kumtia nuru, akamwita nalo mwishoni asigeuke. Yuko aliyemwokota akalipia kwa mtoto wa tumbo lake. Yuko aliyemzaa, akampenda kwa neno la jaani, akamnyima lile alilolililia, akalisema baada ya sikio kufungwa. Je, nani alistahili kumtajia Maalim jina la kuitwa kaburini?

Na mkishajibu, au mkishindwa kujibu, inueni mikono pamoja nami. Ewe Mola wetu, Wewe humwiti mja wako kwa kubahatisha. Mwite kwa jina atakaloitika bila kulia. Mpanulie kaburi lake, umtilie nuru, umsamehe, na neno alilolikosa kwetu alikute kwako. Amin.